Kesho Siijui, Jana Naikumbuka: Dhana Potofu Kuhusu Katuni ya Kila Siku

Nachora katuni ya fremu nne inayotoka mtandaoni kila siku saa kumi na mbili asubuhi, wakati Nairobi imeketi kwenye matatu na simu iko mkononi. Ni hadithi ya mama anayeuza maji kwa mitungi huko Pipeline, Embakasi, mahali ambapo maghorofa yamebanana na mfereji unaweza kukauka siku nyingi. Hadithi yenyewe sijaiandika mahali popote. Naibuni siku kwa siku. Nikisema hivyo, watu hudhani mambo ambayo ningependa kuyajibu, kwa sababu naipenda kazi hii na sitaki vijana wanaoianza wadanganyike.

Dhana: Kubuni papo kwa papo ni kuchora chochote kinachokujia.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawadharau hata nyanya zetu. Fanani anayeita "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!" hasomi popote. Anaitazama hadhira yake. Watoto wakisinzia, zimwi hufika mapema. Wakiogopa mno, sungura huingia na vituko vyake. Lakini hasahau hata mara moja kwamba alimwacha msichana juu ya mti. Akisahau, watoto watamkumbusha papo hapo.

Kwa hiyo kubuni namna hii ni kazi ya kukumbuka kabla ya kuwa kazi ya kuwaza. Keith Johnstone, mwalimu wa maigizo ya papo kwa papo aliyefundisha Uingereza na baadaye Kanada, alimfananisha msimulizi wa aina hii na mtu anayetembea kinyumenyume. Haoni aendako, lakini anaona kila alichokipita, na hadithi hupata umbo anapokirudia kitu alichokiacha njiani.

Mwaka wangu wa kwanza, usiku mmoja, kidole kiliteleza kwenye tableti nikapaka mtungi mmoja rangi ya bluu badala ya manjano. Asubuhi wasomaji wakauliza: huo wa bluu ni wa nani? Ningeweza kuibadilisha picha. Lakini katuni ikishatoka, watu wameshaipiga skrinshoti na kuirusha kwenye vikundi vya WhatsApp. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikauacha, na kwenye daftari nikaandika: "Mtungi wa bluu. Wa nani?"

Kwa wiki 9, mama aliutoa nje kila alipofungua kibanda na kuurudisha ndani jioni, mtupu. Sikujua kwa nini. Kisha ikafika siku niliyohitaji sababu ya mama kumfukuza mteja wake mzuri kuliko wote. Nikafungua daftari, na sababu ilikuwa pale: mteja alitaka kuununua mtungi ule. Ulikuwa wa jirani aliyehama usiku bila kuaga, akiwa amelipia lita 20 ambazo hakuzichota. Kwa mama, hilo lilikuwa deni.

Wasomaji wengi waliniandikia kunisifu kwamba nilikuwa nimelipanga jambo lile tangu mwanzo. Niliwajibu ukweli. Sikulipanga, nililitunza tu.

Dhana: Magwiji walijua mwisho kabla ya kuanza.

Baadhi walijua. Wengi hawakujua. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alipoanza kuandika kisa cha bwana Pickwick mwaka 1836, kikitoka sehemu moja kila mwezi, alikuwa ameajiriwa kuandika maneno ya kufuata picha za mchoraji Robert Seymour. Seymour akajiua sehemu ya pili ikiwa bado haijatoka. Mpango ukageuka: picha zikapunguzwa, maandishi yakaongezwa, na kijana wa miaka 24 akajikuta ndiye anayebeba hadithi nzima. Mauzo yalikuwa hafifu mpaka sehemu ya nne, alipoingia mtumishi mmoja mwenye ulimi mwepesi, Sam Weller. Wasomaji wakampenda, Dickens akampa nafasi, na kufikia mwisho nakala zilizouzwa kwa mwezi zilikuwa kama 40,000.

Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, naye alianza kuchora katuni ya Tintin huko Brussels tarehe 10 Januari 1929, kurasa mbili kila wiki. Alieleza baadaye kwamba mara nyingi siku ya gazeti kutoka ilimkuta hajui atamtoaje shujaa wake katika balaa aliyomtia wiki iliyotangulia.

Haki isemwe: wote wawili walibadilika. Dickens katika riwaya zake za baadaye aliandika mipango ya kila sehemu, na Hergé kuanzia mwaka 1934, alipochora safari ya Tintin nchini China, alianza kufanya utafiti wa kina kwanza. Sioni hilo kama kushindwa kwa njia ya kwanza. Kule kubuni wiki kwa wiki ndiko kulikowafunza ni nini hasa kinachofaa kupangwa.

Dhana: Katuni ikitoka kila siku, lazima mchoraji achore kila siku.

Hapana, na anayejaribu hivyo atazima kama kibatari. Mmarekani Howard Tayler alitoa katuni yake kila siku kuanzia 12 Juni 2000 hadi 24 Julai 2020 bila kukosa hata moja, na siri yake ilikuwa akiba: kazi iliyokamilika ikingoja zamu. Charles Schulz alichora vipande 17,897 vya katuni ya magazetini ya Peanuts kwa karibu miaka 50, na hata yeye alipumzika wiki tano mwaka 1997.

Hapa kwetu akiba si anasa. Stima ikipotea tangu Jumamosi jioni hadi Jumapili usiku, tableti ni kipande cha kioo tu. Lakini akiba ikizidi nayo hudhuru. Mimi hushikilia siku 5. Nikifika siku 20, swali la msomaji wa leo litajibiwa wakati yeye mwenyewe ameshalisahau, na hapo nitakuwa nimempoteza mtu anayeitikia "Pakawa".

Dhana: Basi wasomaji ndio wanaoandika.

Andrew Hussie wa Marekani alilijaribu jambo hili kwa dhati. Hadithi zake za mwanzo ziliendeshwa na amri zilizotumwa na wasomaji, na Homestuck, hadithi yake ya mtandaoni iliyoanza 13 Aprili 2009, ilianza vivyo hivyo. Umati ulipokuwa mkubwa, njia hiyo ikafungwa, kwa kuwa maombi yakiwa maelfu, yoyote utakayochagua yatakuwa chaguo lako tu.

Nimejifunza kutenganisha maombi na maswali. "Mama aolewe na yule wa mkokoteni" siligusi. "Yule mtoto wa fremu ya kwanza alirudi shule?" nalinakili siku hiyo hiyo, kwa sababu linanionyesha kitu nilichokiangusha bila kusikia.

Dhana: Huu ni mtindo wa kigeni ulioletwa na intaneti.

Muulize aliyekua akifungua gazeti la Taifa Leo ili kwanza amtafute Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau. Muulize aliyesoma Joe, jarida lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Terry Hirst na Hilary Ng'weno, au kijana aliyepokea jarida la katuni la Shujaaz kwa Sheng tangu 2010. Simu imebadilisha karatasi tu.

Dhana: Hadithi isiyopangwa haiwezi kumalizika.

Homestuck ilimalizika 13 Aprili 2016, miaka saba kamili tangu ianze. Na hata Dickens wa mipango alifariki mwaka 1870 akiwa ametimiza nusu tu ya riwaya yake ya mwisho.

Kumaliza ni kuacha kufungua. Kila swali lililo kwenye daftari ni mlango, na mtu anayetembea kinyumenyume anaiona milango yote aliyoiacha wazi. Hufika siku anapoamua kutofungua mwingine, kisha anairudia mmoja mmoja akiifunga. Kazi hii ni ya polepole, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu kila fremu sasa inamrudishia msomaji kitu alichokuwa akikingoja.

Daftari langu lina maswali 14 yasiyojibiwa. Tangu Januari sijaongeza jipya. La kwanza kwenye orodha ni lile la jirani: wiki ijayo atashuka kwenye matatu pale Pipeline, na mtungi wa bluu utakuwa nje, umejaa.