Shindano la Timu la Kuvua Sangara Mwanza: Dhana Potofu na Ukweli Wake

"Bila mizani hakuna mshindi"

Katika shindano ambalo samaki hurudishwa majini wakiwa hai, hakuna dhana inayoua samaki bure kama hii. Mizani iko nchi kavu, na sangara mkubwa hafiki nchi kavu akiwa mzima. Wanaoitetea huiga mashindano ya timu ya samaki aitwaye bass, wa maji chumvi, kule California, ambako kwa kawaida kila boti huleta samaki watano wakiwa hai ndani ya tangi. Bass wao wengi ni wa kilo moja au mbili, wanatosha. Sangara wa kilo 20 atajikunjaje ndani ya tangi hilo? Tena ni samaki anayetaka oksijeni nyingi: akipigana muda mrefu kisha akakaa kwenye maji machache ya vuguvugu, anageuka tumbo juu kabla boti haijaiona rasi ya Capri Point, Mwanza.

Pimeni urefu. Chukua mbao mbili za sentimita 150, zigongomelee ziwe kama mfereji wa umbo la V, mwishoni piga kibao cha kuzuia pua ya samaki. Paka rangi nyeupe, chora alama kila sentimita 1. Kabla samaki hajapandishwa, umwagie ubao maji. Ubao uliopigwa na jua humbandua ute wa ngozi, na ute huo ndio kinga yake dhidi ya maradhi. Mlaze, mdomo umefungwa na pua imegusa kibao. Mkia wa sangara ni wa mviringo, haukugawanyika, kwa hiyo soma mpaka ncha yake. Weka kando kadi yenye namba ya siku iliyotolewa alfajiri, kisha mpiga picha asimame juu kabisa ya ubao. Picha ya pembeni hudanganya, na mgogoro mwingi wa matokeo huanzia hapo. Kuanzia kutoka majini hadi kurudi, lengo ni chini ya dakika moja.

Pointi ni rahisi: sentimita 1 ni pointi 1, samaki 3 bora kwa kila timu. Aliye chini ya sentimita 50 hahesabiwi kabisa, maana hicho ndicho kiwango cha chini kisheria. Timu ya watu watatu inatosha: mmoja usukani, mmoja kwenye fimbo, mmoja kwenye ubao na kamera.

"Akishaondoka kwa kuogelea, amepona"

Si lazima. Bondo la sangara, yaani mfuko wake wa hewa, halina njia ya kutolea hewa mdomoni. Akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa inatanuka, tumbo linajaa, na wakati mwingine kitu chekundu kama puto kinachomoza mdomoni. Wengi hudhani ni bondo na hulitoboa. Hilo ni tumbo lake la chakula, limesukumwa nje na bondo. Ukilitoboa umemwua.

Dawa ni kuzuia. Andikeni kwenye kanuni kwamba hakuna kuvua penye kina cha zaidi ya mita 10. Badilisheni ndoana zenye ncha tatu muweke ya ncha moja, na kile kimwiba cha ndani mkilaze kwa plaizi. Tumieni wavu wa kuchotea wa mpira, usio na mafundo. Msimwinue kwa mashavu wala kumning'iniza wima kwa ajili ya picha. Uzito wake mwenyewe unamuumiza ndani. Mshikeni ubavuni mwa boti, kichwa kikielekea mbele, boti ikisogea taratibu sana. Angalia kifuniko cha shavu: kikifunguka na kufunga kwa mpigo ule ule, naye akianza kukusukuma mkono, mwachie. Akishindwa kuzama, mchukueni. Anahesabiwa, lakini anaenda jikoni, asiachwe aelee.

Kazi hii ifanyike botini. Kusimama kwenye maji ya ufukweni yenye majani ni kujitafutia kichocho.

"Sangara ni mgeni aliyemaliza furu, kwa nini arudishwe?"

Ni kweli aliletwa ziwani, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zilitoweka. Kumwua mmoja leo hakumrudishi furu hata mmoja. Wakubwa wengi ni majike wenye mayai kwa mamilioni, na mvuvi wa Kirumba au Igombe anakula kutokana na kizazi chao.

"Injini kubwa ndiyo inayoshinda"

Samaki bandia wa chambo hukokotwa kwa kilomita 5 hadi 7 kwa saa. Ukizidisha, anajipindua na kupanda juu. Mwachie mita 30 hadi 40 nyuma ya boti, pita kando ya miamba na ncha za visiwa, si katikati ya ghuba. Mshipi wa mbele uwe mnene, wa pauni 80 hivi: meno ya sangara ni madogo kama tupa, lakini vifuniko vya mashavu vinakata kama wembe.

"Ni bass tu wa maji baridi"

Hapana. Ndugu yake ni barramundi wa Asia na Australia, wote wa jenasi ya Lates.

"Ziwa si bahari, na shindano ni la kirafiki tu"

Urafiki hauondoi kibali. Nendeni kwa ofisa uvuvi mapema, na hakikisheni boti zimesajiliwa na kukaguliwa. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa. Chora mpaka wake kwenye ramani ya kila timu.

Kuhusu maji: mawimbi ya Victoria ni mafupi na yamesimama wima, yanajaza boti ndogo haraka kuliko mawimbi marefu ya bahari. Asubuhi Ghuba ya Mwanza hutulia, mchana upepo wa ziwani huingia. Anzeni saa 12:30 asubuhi, ndoana zitoke majini saa 6 mchana. Someni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) jioni iliyotangulia, na tena alfajiri. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisikaliwe kama mto. Mtu mmoja abaki ufukweni na orodha ya boti, ajaze saa ya kutoka na saa ya kurudi ya kila moja, na asihesabu pointi hata moja kabla mstari wa mwisho haujajazwa.