Bamba la upepo: theluji iliyohama usiku

Dhoruba imepita Berthoud Pass, njia ya mlimani magharibi ya Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Asubuhi mbingu ni nyeupe, na mtu wa skii, vile vibao vya kutelezea kwenye theluji, anasoma kwamba zimeanguka sentimita 15 tu. Anaona ni kidogo, hakina neno. Ila huko, juu ya mita 3,400, usiku kucha upepo nao ulikuwa kazini.

Upepo huikomba theluji upande mmoja wa mlima na kuimwaga upande wa pili. Wanamaji wa jahazi wangeelewa upesi: upande wa joshi hukwanguliwa mpaka mawe yakaonekana, na upande wa demani, uliojificha upepo, ndiko theluji inakotua. Milima ya Colorado hupigwa zaidi na upepo wa magharibi, kwa hiyo miteremko inayotazama mashariki ndiyo inayobebeshwa mzigo. Theluji ya upepo huweza kurundikana mara kumi ya kasi ya ile inayoanguka. Sentimita 15 zako hizo zinaweza kuwa mita nzima mahali pamoja.

Njiani chembe za theluji hugongana na kuvunjika, na zikitua hubanana. Hilo ndilo bamba la upepo: tabaka lililoshikamana, limelala juu ya theluji dhaifu. Fikiria ukoko wa wali. Ukiuchokoa pembeni hautoki punje punje, hubanduka kipande kizima. Uzito wa mtu mmoja hutosha kuvunja tabaka la chini. Ufa hukimbia, na mteremko mzima huteremka naye akiwa katikati. Ndiyo maana wengi wanaofukiwa wameyaanzisha maporomoko hayo ya theluji wenyewe, au ni mwenzao.

Bamba huonekana limevimba kama mto wa kulalia, na ukiligonga kwa fimbo pengine hulia kama ngoma. Nyufa zikichomoka mbele ya skii, au ukisikia mshindo mzito chini ya miguu na theluji ikadidimia, hakuna cha kujadili: geuza. Na kileleni theluji ikifuka kama moshi, bamba bado linajengwa, hata kama jua linawaka.

Ukali wa mteremko nao una neno. Maporomoko mengi ya aina hii huanzia kwenye nyuzi 30 hadi 45. Lakini kupita kwenye tambarare chini ya mteremko mkali si usalama.

Taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo cha habari za maporomoko ya theluji cha Colorado, hutaja hatari kwa ngazi 1 hadi 5, pamoja na upande wa mlima na kimo. Ngazi ya 3 ndiyo inayodanganya watu, kwa kuwa iko katikati. Maana yake ni kwamba mtu kuanzisha maporomoko ni jambo la kutarajiwa.

Kwa kawaida bamba hutulia baada ya siku chache. Isipokuwa limekalia ile theluji ya chembe kubwa zisizoshikana, mfano wa sukari, ambayo Colorado ni ya kawaida sana. Hapo huweza kusubiri majuma.