Godoro juu ya paa: mtoto anayejikojolea usiku na tabia yake

Julai ni mwezi mgumu kwa mtoto wa Nairobi anayejikojolea. Baridi hukaa kutwa, na godoro lililolowa usiku halikauki. Kwenye ploti za Umoja au Kayole, ambako wapangaji wote huanika juu ya paa, godoro hilo husimama pale siku mbili, na kila mtoto wa ploti anajua ni la nani.

Mimi ni daktari wa afya ya akili ya watoto. Mwezi wa Mei mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 9 (nimebadilisha mambo madogo asitambulike). Barua ya shule ilisema mtoto ni mkorofi, anapiga wenzake. Mkojo haukutajwa popote. Mvulana alikaa ukingoni mwa kiti, sweta ameifunga kiunoni ingawa chumba kilikuwa baridi. Mara mbili nilimwona akivuta ukosi wa shati hadi puani, ananusa upesi, anauachilia. Nikamwomba mama atupishe kidogo. Mtoto akanyamaza, halafu akasema, "Daktari, wakisema nanuka nawapiga ndio wanyamaze."

Mama aliporudi aliniuliza swali ninaloulizwa karibu kila wiki: anajikojolea kwa sababu ni mtundu, au amekuwa mtundu kwa sababu anajikojolea?

Nianze na mwili, kwa sababu mara nyingi jibu liko huko. Usiku ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, ambayo huziambia figo zipunguze mkojo hadi asubuhi. Kwa watoto wengine homoni hiyo huchelewa kupanda. Wengine kibofu hujibana kabla hakijajaa. Na karibu wote wana shida moja ya usingizi: kibofu kinaita, ubongo hausikii. Wazazi huniambia, "Anasikia, ni uvivu tu wa kuamka." Hasikii, mama. Ndiyo maana kumchapa asubuhi hakumfunzi chochote. Anaadhibiwa kwa jambo lililotokea akiwa hayupo.

Kabla ya miaka 5, kujikojolea hatukuiti ugonjwa. Wakiwa na miaka 5, watoto kama 15 kati ya 100 bado wanalowesha kitanda; wakifika miaka 10 wanabaki kama 5, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Tena ni jambo la ukoo. Uchunguzi wa zamani ulionyesha kwamba mzazi mmoja akiwa alijikojolea utotoni, watoto 44 kati ya 100 hufuata, na wakiwa wazazi wote wawili, 77. Kwa hiyo baba akija huwa namuuliza mbele ya mtoto. Wengi huangalia sakafu kwanza. Mmoja alisema, "Mimi niliacha nikiwa darasa la sita," na binti yake akageuka kumtazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona.

Je, uhusiano na tabia upo? Upo, na sitauficha. Kati ya watoto 100 wanaojikojolea usiku, kama 20 hadi 30 wana tatizo la tabia au la hisia linalohitaji matibabu. Linalojitokeza zaidi ni ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kukaza mawazo. Nadhani ubongo unaochelewa kukomaa upande mmoja huchelewa na mwingine. Mtoto wa namna hii hutibiwa yote mawili, maana akiachiwa ADHD yake, hata matibabu ya mkojo huwa magumu kuyafuata. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema kwamba watoto 70 au zaidi kati ya 100 hawana tatizo lolote la tabia.

Swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: amewahi kukaa miezi 6 mfululizo bila kulowesha? Kama hajawahi, kwa kawaida ni mwili unaochelewa. Kama aliwahi kisha akarudia, nachimba: wazazi wametengana, amepata mdogo wake, amehamishiwa bweni, kuna mtu anamgusa vibaya? Hapo hapo napima kisukari na maambukizi ya njia ya mkojo, na nauliza kama anakoroma sana au ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu.

Kuna jambo linalonikera. Utotoni tuliambiwa ukichezea moto utakojoa kitandani. Ilikuwa njia ya kutuweka mbali na jiko la makaa. Lakini mwaka 1963 daktari wa akili wa Denver, Marekani, John Macdonald, aliandika kuhusu wagonjwa 100 waliotishia kuua, akataja mambo matatu ya utotoni kama ishara za hatari ya kuua: kutesa wanyama, kuchoma vitu, kujikojolea. Alipolichunguza tena baadaye, yeye mwenyewe hakupata ushahidi wa maana. Wazo hilo bado linazunguka mitandaoni, na mama mmoja ameniuliza huku akilia kama mwanawe atakuja kuwa muuaji. Hapana. Mtoto anayetesa wanyama aangaliwe kwa ajili ya hilo. Mkojo hauongezi kitu.

Kwa yule mvulana wa Mei, niliuliza kuhusu choo. Alikuwa akienda haja kubwa mara moja kwa wiki. Vyoo vya shule havina milango na wakubwa huwachungulia wadogo, kwa hiyo hujizuia tangu asubuhi. Choo kigumu kikijaa hukandamiza kibofu. Tena kila siku alikuwa akiacha kunywa maji tangu saa nne asubuhi, akidhani hilo litamsaidia. Tukaanza na dawa ya kulainisha choo, maji mengi mchana na machache jioni, na mama akaongea na mwalimu wa darasa kuhusu vyoo. Ndipo ikaja kengele ya mkojo, kifaa kinacholia tone la kwanza likidondoka. Inahitaji miezi 2 hadi 3 na mzazi aliye tayari kuamka, maana mwanzoni kengele huamsha nyumba nzima isipokuwa mwenyewe. Takriban theluthi mbili ya watoto hukauka. Dawa ya desmopresini husaidia pia, hasa kwa safari au bweni, ila mtoto asinywe maji mengi baada ya kuimeza; chumvi ya damu inaweza kushuka kwa hatari.

Sasa yuko wiki ya saba. Alikuja Jumanne na kalenda aliyoichora mwenyewe, jua kwa usiku mkavu, wingu kwa uliolowa. Kulikuwa na majua manne mfululizo. Shuleni amepigana mara moja tu tangu Juni, na sweta alikuwa ameivaa mwilini.