45-28-9 maana yake nini? Ile namba ya tatu kwenye hoki ya barafuni sio sare

Kama umekulia kwenye mpira wa miguu kama mimi, siku ya kwanza ukifungua msimamo wa NHL, ile ligi kubwa ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, lazima uchanganyikiwe. Unakuta timu imeandikwa 45-28-9 na moja kwa moja unasema aah sawa, kashinda 45, kafungwa 28, sare 9. Hapana. NHL haina sare kabisa, walizifuta kuanzia msimu wa 2005-06. Hiyo 9 ya mwisho ni mechi ulizofungwa vilevile, ila ulifungwa kwenye muda wa nyongeza au kwenye penalti, na kila moja unapewa pointi 1. Ndiyo, umepigwa na bado unaondoka na pointi.

Iko hivi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Zikiisha dakika 60 mko sawa, kila timu tayari ina pointi yake 1 mfukoni, halafu mnaingia dakika 5 za nyongeza ambazo tangu 2015 wanacheza watatu kwa watatu badala ya wanne kwa wanne, barafu yote ile watu sita tu na makipa wao, raha yake usipime, anayefunga kwanza mechi imekwisha. Wasipofungana ndo matuta, watatu watatu kwanza, mchezaji anaanzia katikati na ile paki (kile kidude cheusi kigumu kama kifuniko cha kopo) anaenda nacho kumkabili kipa peke yake. Mshindi anaongezewa ya pili anakuwa na 2, aliyepoteza anabaki na ile 1. Ila ukifungwa ndani ya dakika 60 ni sifuri, hamna kesi.

Kwa hiyo 45-28-9 unaipigia hesabu hivi: 45 mara 2 ni 90, jumlisha 9, pointi 99. Na mechi walizofungwa kiukweli sio 28, ni 37, maana 45 na 37 ndo zinakamilisha mechi 82 za msimu. Hiyo rekodi sijaitunga, ni ya St. Louis Blues msimu wa 2018-19, na nimeichagua makusudi kwa sababu msimu wao ule ni darasa tosha.

Wale jamaa walianza vibaya mno. Novemba wakiwa 7-9-3 kocha Mike Yeo akatimuliwa, akakabidhiwa timu msaidizi wake Craig Berube kwa muda, na mambo hayakunyooka palepale kama watu wanavyopenda kusimulia, maana tarehe 3 Januari 2019 asubuhi walikuwa 15-18-4, pointi 34, wameshika mkia wa ligi nzima ya timu 31. Siku chache baadaye akapangwa golini kijana Jordan Binnington, mechi yake ya kwanza kuanza akatoka bila kuruhusu goli dhidi ya Philadelphia, 3-0, na kuanzia hapo ni kama timu nyingine kabisa, kuna kipindi walishinda mechi 11 mfululizo. Ukitoa ile 15-18-4 kwenye 45-28-9 unapata 30-10-5. Pointi 65 kwenye mechi 45 zilizobaki!

Sasa angalia namba ya tatu inavyofanya kazi. Winnipeg Jets, kundi moja na Blues, walimaliza 47-30-5. Piga hesabu, nao ni 99. Yaani Winnipeg kashinda mechi mbili zaidi lakini pointi sawa, kwa sababu Blues walikuwa wanafungwa "vizuri" zaidi. Wakatenganishwa kwa kuangalia nani ana ushindi mwingi usiotokana na penalti, Winnipeg wakakaa juu, wakaanzia mtoano nyumbani kwao, na Blues wakawatoa hivyohivyo kwa mechi 4-2 (kwenye mtoano timu mbili zinakutana mara kadhaa, wa kwanza kushinda mechi nne anapita).

Mfano unaouma zaidi ni wa Arizona. Msimu uleule Arizona Coyotes walishinda mechi 39 na wakakosa mtoano. Colorado Avalanche walishinda 38, chini yao, na wakaingia. Kivipi? Colorado walikuwa 38-30-14, hizo 14 za mwisho zikawabeba hadi pointi 90, Arizona na 39-35-8 yao wakaishia 86. Timu iliyofungwa mechi 44 kati ya 82 inaingia mtoano, na ilipofika huko ikamtoa Calgary aliyeongoza ukanda wote wa Magharibi. Mimi nikiwa shabiki wa Arizona ningelia mchana kweupe.

Hii pointi ilianza msimu wa 1999-2000. Zamani mkifika muda wa nyongeza kila mtu alikuwa anaogopa kupoteza pointi ya sare aliyoishika, basi watu wanapaki basi mpaka filimbi. Ligi ikaona tuwahakikishie hiyo moja ili washambulie. Ikasaidia, lakini uoga ukahamia kwingine, sasa hivi mechi ikiwa sawa dakika za mwisho za kipindi cha tatu unaona kabisa timu zote mbili zimepoa, nani atake kufungwa dakika ya 58 akose kila kitu? Isitoshe mechi moja inagawa pointi 2 kwa jumla na nyingine 3, hesabu gani hiyo. Kwenye mashindano ya dunia wanatoa 3 ukishinda ndani ya dakika 60, 2 ukishinda baada ya hapo, na 1 kwa aliyepoteza huko, mechi yoyote inatoa 3. Kwangu mimi hiyo ndo haki.

Ila mtoano ukianza yote hayo yanakufa. Hakuna penalti, hakuna watatu kwa watatu, mnaongeza vipindi vya dakika 20 watano kwa watano mpaka goli lipatikane hata kama ni saa saba usiku. Blues na Dallas Stars walifika mechi ya saba, wakaenda mpaka muda wa nyongeza wa pili, Pat Maroon, mtoto wa St. Louis hapohapo, akafunga, 2-1. Ingekuwa Januari Dallas wangepata pointi yao 1, lakini ilikuwa Mei, wakarudi nyumbani na mabegi tu. Blues wakawatoa San Jose, kisha tarehe 12 Juni wakawachapa Boston 4-1 kwao Boston, mechi ya saba tena, wakabeba ndoo ya kwanza tangu timu ianze kucheza NHL mwaka 1967. Rekodi yao ya mtoano utaikuta imeandikwa 16-10, usihangaike kutafuta namba ya tatu, haipo.