Safu za "Ajabu lakini Kweli": anza kusoma kutoka chini

Nikiletewa kipande cha safu ya maajabu kutoka gazeti la zamani, huwa naanza na mstari wa mwisho. Enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, visa hivi vilikuwa vya kujazia nafasi. Ukurasa ukibaki na pengo, kisa kinachomekwa. Tangazo likiingia dakika za mwisho, mistari inang'olewa kuanzia chini. Na huko chini ndiko mwandishi alikoweka kauli ya polisi au ya daktari. Kwa hiyo kisa kinachokatika ghafla, bila neno la mtu yeyote mwenye dhamana, huenda hakikukosa maelezo bali kilikosa nafasi.

Cha pili ni tarehe. Gazeti la Mambo Leo la Tanganyika, lililoanza mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi. Ukikuta "juzi" katika gazeti la aina hiyo, jiulize ni juzi ya nani. Kama kisa kimenakiliwa kutoka gazeti la nje, neno hilo limesafiri nalo likiwa halijaguswa. Tafuta kisa hichohicho kwenye magazeti ya kila siku ya wiki kadhaa za nyuma. Na kama chimbuko lake ni gazeti la Ulaya la tarehe 1 Aprili, siku ya wajinga, usijisumbue.

Ona mlipuko wa kicheko katika shule ya wasichana ya Kashasha, Kagera, mwaka 1962. Safu hupenda kusema wasichana walicheka miezi mfululizo. Ripoti ya madaktari Rankin na Philip ya mwaka 1963 haisemi hivyo. Kilianza tarehe 30 Januari kwa wanafunzi watatu, kikawapata 95 kati ya 159, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Kicheko kilikuja na kuondoka, kikichanganyika na kilio. Kwa mtu mmoja hali hiyo ilidumu kuanzia saa chache hadi siku 16. Miezi ni ya mlipuko mzima, si ya mapafu ya mtu mmoja! Mnakili alifuta tofauti hiyo, muujiza ukazaliwa.

Huku kwetu kanda ya kati vipo visa vya watu-simba wa Singida, watu waliosemekana kugeuka simba na kuua, miaka ya 1940. Ukifuata "mtu kageuka simba" utazunguka na uvumi tu. Fuata kesi za mauaji: serikali ya kikoloni ilishtaki watu, si wanyama, na wapo walionyongwa.

Sasa karatasi yenyewe. Karatasi ya gazeti imetengenezwa kwa rojo la mbao, ina asidi na lignini, ile gundi ya asili ya mti; inageuka njano kisha inavunjika, na ukavu wa Dodoma unaifanya ikatike kwenye mkunjo. Usiinyanyue kwa pembe. Ingiza kadibodi chini, beba vyote pamoja. Usilambe kidole, usiweke selotepu: gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka.

Kupiga picha, weka taa mbili, moja kila upande, kwa nyuzi 45, flashi imezimwa na rula kando. Piga ukurasa mzima kwanza, safu baadaye. Wengi hupiga safu peke yake, wakapoteza tarehe ya juu na lile tangazo la chini lililokula mistari.

Jina la gazeti, tarehe na namba ya ukurasa viandike kwa penseli juu ya bahasha, kamwe si juu ya gazeti. Kipande kisicho na hivyo vitatu, hata kiwe kitamu namna gani, sikitumii.