Malkia na saba: kwa nini asilimia 52 haitoshi kwenye poka

Katika Texas Hold'em, aina mojawapo ya poka, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha wote hutumia karata tano zinazofunuliwa mezani. Tuseme umepata malkia ya kopa na saba ya pau. Mkiwa wawili tu, na mwenzako kashika karata zozote zile, fungu lako la ushindi, sare zikigawanywa, ni takriban asilimia 52. Mtu akiisoma namba hiyo kwenye simu huona ana haki ya kuweka dau.

Ila angalia imepimwa dhidi ya nani: dhidi ya karata za kubahatisha. Mezani, anayeongeza dau hana karata za kubahatisha, kwani mbovu keshazitupa. Kadiri fedha zinavyoongezeka ndivyo waliobaki wanavyokuwa na karata nzito, na ile 52 haipo tena. Idadi ya watu nayo hupunguza. Hata ree mbili, karata bora kuliko zote, ambazo hushinda takriban mara 85 katika 100 dhidi ya mtu mmoja, hushuka hadi kama 35 mkiwa tisa na wote wakang'ang'ania hadi mwisho.

Karata ninazoziogopa zaidi kwa mwanafunzi ni ree na sita. Ree inang'aa, na ndiyo inayomfunga macho. Mkiwa tisa mezani, wewe ukiwa na ree moja, uwezekano kwamba angalau mwingine mmoja kapewa ree ni karibu asilimia 70. Mkiwa sita ni nusu kwa nusu. Akiwa nayo pamoja na mfalme, wewe umebakiwa na zaidi kidogo ya robo. Ubaya ni kwamba ree unayoiombea ikifunuliwa mezani inamjenga na yeye, halafu mfalme wake anaila sita yako. Ungekosa kabisa ungetupa karata mapema na kupoteza kidogo. Umepata, basi unalipa hadi karata ya mwisho.

Wengine hujitetea kuwa karata zao mbili ni za kopa zote, wakitumaini kufikisha kopa tano. Uwezekano wa karata tatu za kwanza za mezani kuwa kopa tupu haufiki asilimia 1. Jozi ya karata za namba mbili ina afadhali: karata ya tatu ya namba mbili hutokea ndani ya hizo tatu za kwanza takriban mara 1 katika 8 au 9, na isipotokea uamuzi wa kutupa ni rahisi.

Utaambiwa habari za mcheza poka Doyle Brunson, aliyetwaa ubingwa wa mashindano makubwa ya World Series of Poker huko Las Vegas mwaka 1976 na 1977, mara zote mbili akimalizia kwa karata ya kumi na karata ya mbili. Ni kweli. Lakini walikuwa wamebaki wawili, ambapo karata dhaifu huchezwa sana, na maelfu waliofilisika kwa karata hizo hizo hakuna aliyewaandika.

Swali la maana ni bei. Ukitakiwa kuongeza dola 10 ili ugombee 30 zilizokwishawekwa, unahitaji kushinda angalau mara 1 katika 4. Kasino inayokata chake katika kila mzunguko hukupandishia kiwango hicho, na kwa malkia na saba, mbele ya mtu aliyeongeza dau, nyongeza hiyo ndogo huweza kumeza faida yako yote.