Ngozi nyeusi nayo hupata saratani
Wavuvi wa Ziwa Victoria na wafyatua matofali wa Uganda wamesikia tangu zamani kwamba saratani ya ngozi ni ya wazungu. Si kweli. Melanini, rangi asilia inayofanya ngozi iwe nyeusi, hupunguza sana madhara ya jua, ila haizuii saratani zisizotokana na jua. Kwa watu weusi, melanoma, saratani hatari ya chembe zinazotengeneza rangi hiyo, hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Saratani nyingine huanzia kwenye kovu la moto au kidonda cha miaka mingi.

Kila mwezi, ukishaosha miguu, ikague penye mwanga: nyayo, katikati ya vidole, kucha. Mstari mweusi kwenye kucha unaopanuka au kuenea hadi ngozi ya pembeni ya kucha, ama kidonda kisichofunga kwa wiki 4, nenda nacho kituo cha afya. Usikikwangue kwa wembe wala kukichoma: utaondoa dalili anazozitafuta daktari, huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini.

Jua huumiza macho pia. Saratani ya utando unaofunika weupe wa jicho inahusishwa na miale ya jua pamoja na VVU, kwa hiyo kofia pana ni muhimu. Kwa mwenye ualbino hatari ya jua ni kubwa mno: avae mikono mirefu na kupaka losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga hiyo) 30 au zaidi kila baada ya saa 2.